Siku Kumi na Nne kwenye Baraza la Mama Prezidente

Tulimpeleka dada yangu saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapanda, ili kila mtu aone. Ndivyo inavyofanywa kwetu. Binti akipata mimba nyumbani, wanawake wa kwao wanamchukua na mkeka wake na nguo zake chache, wanamfikisha kwa kijana aliyempa ile mimba, wanamwacha mlangoni na kurudi bila kugeuka. Kuanzia hapo kazi ni ya watu wa kijana. Wakimwingiza na kumpa chakula cha chungu chao, wamekubali. Mtoto ana baba, na maneno ya mahari yatakuja baadaye. Wakifunga mlango, binti anakaa hapo hapo nje. Kuna kitu kimoja tu asichotakiwa kufanya, nacho ni kusimama na kurudi kwao kwa miguu yake. Akirudi, ni kama amesema mwenyewe kwamba alidanganya.

Dada alikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa tano wa sekondari. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita la shule ya msingi. Shule zote zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Baba yetu alikuwa fundi wa kujenga huko Bujumbura, na mpaka wa nchi ulipofungwa alibaki upande ule. Kwa hiyo nyumba yetu haikuwa na mwanaume wa kusema. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuja kutoka Runingu kufanya kazi hiyo, kwa sababu alikuwa na mdomo.

Mama alitangulia. Dada alifuata na mkeka kichwani, kisha shangazi, na mimi nyuma na beseni la nguo. Nyumba tuliyoiendea ilikuwa ya mama prezidente wa komite ya wazazi.

Lazima niseme komite hiyo ilikuwa nini. Shule zilipofungwa, wazazi walikutana uwanjani pa shule na kuchagua wazazi wanane wa kushauri familia za mtaa. Kila mmoja alipewa nyumba zake za kupitia. Walifundisha kunawa, waligawa sabuni, waliwakemea wanaume waliokaa bila kazi na kuanza kupiga watu nyumbani. Jirani yetu alipoumwa uchungu wa mapacha, komite ndiyo iliyotafuta pikipiki ya kumpeleka uzazi. Siwezi kusema haikusaidia. Mama prezidente, ambaye kabla ya korona alikuwa muuza vitenge, alizunguka kila siku na kashine, yaani kitambaa cha mdomo, chenye maua yale yale ya kitenge chake. Watu walimheshimu. Hata mama yangu alimsifu mbele yetu.

Komite pia ilisambaza karatasi za masomo zilizotoka kwa walimu. Aliyezileta nyumba kwa nyumba alikuwa kijana wa mama prezidente, wa miaka ishirini na moja. Za kwetu nilizipokea mimi, maana ndimi niliyekuwa wa sita na mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa mbele yangu. Katikati ya karatasi za hesabu kulikuwa na karatasi ndogo iliyokunjwa mara nne. Hiyo haikuwa yangu. Nilimpelekea dada jikoni, naye alinipa nyingine ya kurudisha. Mara tatu niliwakuta wamesimama pamoja nyuma ya choo chetu, na mara ya tatu alikuwa ameshika uso wa dada kwa mikono miwili. Nilirudi ndani nikaendelea na sehemu zangu za hesabu. Hakuna mwingine aliyejua. Dada alichoma zile karatasi zote, kwa sababu alimwogopa mama.

Tumbo lilipoonekana, mama alifanya kosa. Komite ilikuwa imewaambia wazazi kwamba shida yoyote ya nyumbani ipelekwe kwake kwanza, kwa upole, bila kelele. Mama alitii. Alikwenda peke yake kwa mama prezidente kumwambia kwamba binti yetu ana mimba ya kijana wake na kwamba tutamleta siku ya tatu. Shangazi alipofika na kusikia hayo alikaa chini kabisa.

"Umeenda kubisha kabla ya kubisha?" alimuuliza mama. "Mimba inapelekwa kama mvua, wifi. Inaangukia watu. Weye umewapa siku tatu za kutafuta mwavuli."

Na kweli, mwavuli ulikuwa tayari. Tulipofika, mama prezidente alikuwa amesimama mbele ya baraza lake na kashine yake, ndoo ya kunawia ikiwa pembeni yake juu ya kigoda, kama mtu anayengoja wageni wa serikali. Majirani walikuwa wameshaanza kusimama kwenye ukuta wa ua.

"Simameni hapo hapo," alisema. "Metre moja. Mama, moja!"

Tulirudi nyuma. Shangazi alimsukuma dada mbele kidogo.

"Tumewaletea muntu wenu," alisema.

"Ametoka nyumba gani?"

"Unajua nyumba yetu. Kila wiki unapita kuuliza kama tumenawa."

"Ndiyo maana nauliza. Ndani ya nyumba yenu nani alikohoa mwezi huu? Na weye, mama, si umetoka Runingu juzi ndani ya kamio ya mizigo iliyojaa watu? Nani alikupima?"

"Minye sikuja kupimwa. Nimekuja na mimba, hiyo ndiyo mupime."

Watu kwenye ukuta walicheka. Mama prezidente naye alicheka. Tuliona macho yake tu, lakini alicheka.

"Sikatai," alisema, na sauti yake ilikuwa nzuri kabisa, ile ya mikutanoni. "Nani amenisikia nikikataa? Nasema tu, muntu akitoka nyumba moja kuingia nyumba ingine, anakaa pembeni siku kumi na nne. Si mimi nimesema. Ni komite. Na mama huyu alikuwa mkutanoni, akainua mkono."

Mama aliangalia chini. Ni kweli alikuwa ameinua mkono. Wote walikuwa wameinua.

"Akae hapo barazani. Chakula mutaleta ninyi, maana mutu wa karantini hachangii chungu. Zikiisha siku, tutazungumza kama wazazi."

Dada alitandika mkeka wake kwenye saruji, karibu na ukuta, na kukaa. Alimtazama mama. Mama alimpa mgongo, kwa sababu ukishamwacha binti hutakiwi kutazama nyuma, na tukaondoka.

Njiani mama alikuwa karibu kufurahi. "Hajakataa," alisema.

"Hajakubali vilevile," shangazi alijibu. Kesho yake alirudi Runingu kulima, na kutuachia maneno mawili: asiondoke pale hata mvua ya mawe ikinyesha, na asile kitu chochote isipokuwa chetu mpaka watakapompa chao.

Nilipeleka chakula mara mbili kwa siku. Bugali na sombe ya majani ya muhogo, au bugali na ndagala kidogo, wale samaki wadogo wa ziwa. Niliweka sahani kwenye ngazi ya baraza, nikarudi nyuma metre moja, naye akaja kuichukua. Ilikuwa amri. Mama prezidente alikuwa akitazama kutoka dirishani, na nikikaribia zaidi aligonga kioo kwa pete.

Siku ya kwanza watu walipita kwa sababu ya kupita. Siku ya pili walipita kwa sababu yake. Wanawake waliokwenda kuchota maji walibadilisha njia ili wapitie pale, na walisimama na bidoni zao kama wamechoka.

"Dada, korona yako inakaa siku kumi na nne ao miezi tisa?"

"Muulizeni kama alivaa kashine siku hiyo."

"Eeh, alivaa, lakini kwenye mdomo!"

Dada hakuwajibu. Alikuwa mtu wa kujibu, nyumbani alitushinda wote kwa maneno, lakini pale alikaa amenyoosha miguu na mikono juu ya tumbo, akitazama mbele. Watoto wadogo walimrushia maganda ya muwa. Mama prezidente alitoka kuwakemea watoto hao. Aliwaambia wasisogelee mtu wa karantini.

Kila nilipofika dada aliuliza swali moja.

"Umemwona?"

Alimaanisha yule kijana. Alikuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo, nyuma ya ukuta alioegemea. Siku ya kwanza alimsikia akikohoa. Siku ya pili alimsikia akicheka na wadogo zake. Alinihadithia hayo kwa sauti ya chini, akitafuna, na uso wake ulikuwa na furaha kidogo. Alifikiri anacheka ili yeye asikie kwamba yupo.

Siku ya nne, asubuhi, nilikutana naye njiani. Alikuwa anakwenda upande wa Kalundu, kwenye bandari, na begi kubwa mgongoni, na mjomba wake amemshika mkono wa shati kama mtu anayeongoza ng'ombe. Alikuwa ametokea mlango wa nyuma. Aliponiona alisimama. Nilifikiri atasema neno la kumpelekea dada. Aliniambia, "Kadogo, zile sehemu usisahau kurahisisha." Kisha akaenda. Jioni ile watu wa bandarini walisema mashua ya Kalemie imeondoka.

Nilimwambia mama. Alikuwa akipepeta unga, na hakuacha kupepeta.

"Usimwambie," alisema.

"Mama, hayupo. Anakaa pale kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya nyumba. Mimba inapelekwa nyumbani, haipelekwi kwa kijana. Ukimwambia atasimama. Akisimama tumekwisha. Unataka kumlea weye?"

Kwa hiyo siku ile, na siku zilizofuata, dada aliniuliza kama nimemwona, nami nikajibu hapana. Siku nyingine aliongeza, "Labda wanamfungia chumbani." Nilisema labda. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, upepo wa ziwa ukaiingiza mpaka kwenye mkeka. Nilimletea karatasi ya plastiki. Miguu yake ilikuwa imevimba, viatu havikuingia tena. Harufu yake ilikuwa imebadilika, maana alikuwa akinawa kwa ile ndoo tu. Nilianza kuweka sahani haraka na kurudi nyuma kabla ya kioo kugongwa. Siku ya kumi na mbili nilimtuma mtoto wa jirani aipeleke. Nilimwambia mama kwamba nilikuwa na masomo.

Siku ya kumi na nne komite ilikuja. Walikuja wanne, kila mmoja na kiti chake kwa sababu ya kutochangia viti, wakakaa mbali mbali uwanjani. Mmoja alikuwa baba mzee mwenye miwani, aliyewahi kuwa karani wa shamba la mpunga huko Luberizi, na ndiye aliyeandika. Mama yangu alisimama na mimi nikasimama nyuma yake na sahani, kwa sababu tulifikiri labda mambo yatachelewa. Ukuta wote ulikuwa umejaa watu. Hakuna aliyewaambia wahesabu metre.

Mama prezidente alimuuliza dada kama ana homa. Dada alisema hana. Aliuliza kama anakohoa. Hakohoi. Kama anasikia harufu ya chakula. Dada alisema anaisikia, ni maharagwe, na kweli ndani walikuwa wanapika maharagwe. Baba wa miwani aliandika.

"Komite inashukuru," mama prezidente alisema. "Huyu binti ni mzima. Amefuata mashauri vizuri kuliko wengi wenu mnaocheka hapo. Karantini imeisha, anaweza kurudi kwao."

Mama alisema, "Kurudi? Mulisema tutazungumza."

"Tunazungumza. Kijana wangu nilimuuliza. Amesema hamjui. Na hayupo hapa, yuko Kalemie kwa mjomba tangu juma la kwanza."

Nilimwona dada akisikia. Hakumtazama mama prezidente. Aligeuza kichwa pole pole akanitazama mimi.

"Kuna muntu aliyewaona pamoja?" baba wa miwani aliuliza. "Hata mmoja. Komite haiwezi kuingiza muntu ndani ya nyumba ya watu kwa tumbo tu."

"Huyu," dada alisema, akininyooshea kidole. "Alikuwa akinipa barua zake. Alituona. Mwambieni aeleze."

Mama prezidente alinisogelea. Alisogea zaidi ya metre. Alishusha kashine yake mpaka kidevuni, na nilishangaa kuona kwamba alikuwa na midomo kama ya mtu yeyote.

"Huyu ni wa sita, si ndiyo?" aliuliza watu wote. "Wa sita ndio watakaorudi shuleni wa kwanza, kwa mtihani. Majina yao minye ndiye naandika." Kisha akainama kidogo. "Haya mtoto wangu. Usiogope. Uliona nini?"

Alikuwa amesema kwa upole. Hakuna aliyenishika wala kuniziba mdomo. Nilikuwa mtoto wa haya, ni kweli, darasani mwalimu akiniita nilisahau hata jina langu, na watu wa ukuta walikuwa wengi. Lakini haya yangu haikuwa sababu yote, na sitaki kuisingizia. Nilifikiria karatasi ya majina. Nilifikiria kwamba dada ameshaharibikiwa, na mimi bado.

"Sikuona kitu," nilisema. Sauti yangu ilitoka safi kabisa.

Ukuta mzima ulisema eeeh.

Dada alisimama. Nilifikiri atanipiga, na ningependa anipige. Alipita kando yangu, akapita kando ya mama, akaenda kwenye ndoo. Alinawa kwa sabuni mikono yote miwili, katikati ya vidole, kama komite ilivyofundisha. Kisha aliingia jikoni nyuma ya nyumba, kabla hawajaelewa anakwenda wapi. Tulipomkuta alikuwa ameshafunua chungu na kuchota maharagwe ya moto kwa mkono, na anayaingiza mdomoni.

"Nimekula," alisema mdomo ukiwa umejaa, machozi yakimtoka kwa moto ule. "Mumeona wote. Nimekula chungu cha hapa."

Mama prezidente hakumpiga. Alisukuma chungu kwa mguu wake wenye kiatu, na maharagwe yote yakamwagika kwenye majivu.

"Sasa chungu kiko wapi?" alisema. "Kula basi. Hicho ni cha chini. Hata kuku wangu wanakula hapo, na kijana wangu hajaoa kuku."

Watu walicheka sana. Mwanamke mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. Dada alipiga magoti kwa shida, kwa sababu ya tumbo, akaokota maharagwe kwenye majivu na kula. Aliokota tena. Mama yangu alimvuta bega, naye akaendelea kula. Baba wa miwani alivua miwani yake, akaifuta, akasema kwamba muntu aliyepokelewa hupewa, na huyu hakupewa, amejichukulia. Hayo pia aliyaandika.

Dada alirudi nyumbani kwa miguu yake. Alitembea mbele, bila viatu, mama akabeba mkeka. Mimi nilibeba sahani, bugali ikiwa bado juu yake. Tuliingia ndani.

"Mulijua ameenda Kalemie?" dada alimuuliza mama.

Mama aliegemeza mkeka ukutani.

"Na huyu?"

"Ndiye aliyemwona akienda," mama alisema. Sijui kwa nini alisema. Labda alichoka kubeba peke yake.

Dada alinitazama, akacheka, kicheko kifupi. "Basi komite iko hapa nyumbani," alisema, akaenda kujimwagia maji.

Shule ilipofunguliwa kwa wa sita, jina langu lilikuwa la tatu kwenye karatasi. Nilifanya mtihani na nilifaulu. Cheti kiko ndani ya sanduku la mama. Dada alijifungua mtoto wa kike. Mtoto alipoacha kunyonya, mwanaume mmoja wa Luberizi, mwenye mashamba ya mpunga na aliyefiwa na mke, alimtaka dada bila mtoto. Baba alikuwa amerudi, akakubali. Siku ya kuondoka dada aliaga kila mtu, na mimi alinipa mtoto mikononi kama mtu anayekabidhi mzigo kwa mpagazi. "Huyu hujamwona vilevile?" aliuliza. Kwa sababu ya kumlea mtoto sikuendelea na sekondari. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Mama alikuwa ameniuliza mapema nani atamlea, na sikumjibu.

Mtoto sasa anasema kila kitu, na mimi ananiita mama. Juzi tulikuwa tunatoka sokoni, nikakutana na mama prezidente. Bado ni prezidente wa wazazi, amenenepa, amerudia kuuza vitenge. Zamani alitupita bila kutuona. Safari hii alisimama. Alimshika mtoto kidevu, akamgeuza uso huku na huku kwenye jua, na tabasamu lake likawa kubwa.

"Angalia masikio," alisema. "Yale yale. Kijana wangu alipokuwa wa umri huu alikuwa hivi hivi, kama umekata karatasi mbili pamoja." Alisema kwa sauti, watu wa soko wakisikia, kwa sababu sasa neno hilo halikuwa na madhara kwake tena. "Damu yetu ni kali, eh?"

Alifungua mfuko wake, akatoa andazi moja, akampa mtoto. Mtoto alilishika kwa mikono miwili na kunitazama, anauliza kwa macho kama anaweza kula.

Nilimwambia ale.